Kwa nini mtu ana kazi yake kabisa lakini ukimuuliza anakwambia "nahangaika hangaika tu"?

#1 fundi_kibangu

Wakuu salaam.

Nina jambo linanikereketa wiki ya pili sasa. Mimi ni fundi cherehani, niko Ubungo Kibangu mwaka wa 11 huu, nina vyerehani vitatu na overloki moja (mashine ya kumalizia kingo za nguo) vyote vya kwangu, kodi ya fremu nalipa ya miezi sita sita, watoto wawili wanasoma kwa sindano hiyo hiyo. Juzi kati tulipata msiba Singida nikasafiri na dogo ninayemfundisha kazi, mtoto wa jirani yetu kijijini, ana mwaka na miezi minne kwangu na mkono wake ni mzuri mno, mkanda wa suruali anaupiga unakaa kama wa dukani, mimi kwa umri wake nilikuwa bado nahangaika na zipu.

Tumekaa chini ya turubai, mzee mmoja mjomba wa marehemu akaniuliza "we kijana siku hizi uko wapi, unafanya kazi gani?" Nikamjibu "aah mzee nipo Dar huko, nahangaika hangaika tu." Hapo nimevaa shati nililolishona mwenyewe na dogo yuko ubavuni kwangu kavaa nililomshonea Pasaka.

Tumerudi, siku ya tatu dogo akaniambia fundi naomba ruhusa nikatafute kazi. Nikamwambia kwani hapa unafanya nini? Akasema kama wewe wa miaka 11 bado unahangaika mimi nitafika lini. Nilikosa neno. Kaondoka na begi lake.

Sasa naomba mnisaidie kitu kimoja. Kazi naipenda, nikikata kitambaa kigumu cha suti na mkasi ukapita sawa na chaki nasikia raha ambayo siwezi kumweleza mtu, kwa nini basi mdomo wangu ulisema vile? Na sio mimi peke yangu, nikikumbuka pale chini ya turubai kila aliyeulizwa alijibu hivo hivo, nipo nipo tu, tunasukuma, tunatafuta. Nyie mkiulizwa mnajibuje na kwa nini?

#2 mguu_chini

Boda hapa. Nikiulizwa nasema "nipo barabarani". Ngoja wakubwa waje.

#3 gunia_la_mwisho

Fundi hiyo sio aibu, ni kinga.

Mimi nauza mchele Tandale. Mwaka 2019 kwenye harusi ya binamu yangu niliulizwa mezani nafanya nini nikajibu ukweli kwamba kuna fuso inashusha mzigo wangu kutoka Mbarali, wala sikusema kwa majivuno. Wiki haikuisha nikapigiwa simu nne za kuazimwa hela, mmoja hajawahi kunitafuta toka tumalize darasa la saba. Niliowapa wawili mpaka leo hawapokei simu yangu, niliowanyima wawili wananitangaza kwamba nina roho mbaya. Na ile fuso tulikodi watu watatu, magunia yangu yalikuwa 20 tu!

Toka siku hiyo jibu langu ni "tunasukuma siku". Mjini ukitaja kazi umetaja mfuko wako, mizinga inaanza pale pale. Sijazungumzia kijicho bado.

#4 ticha_wa_kata

Nakubaliana na #3 nusu tu, maana kwa sisi walimu hiyo ya mizinga haipo kabisa. Nina ajira ya serikali na cheki namba ninayo, nafundisha hisabati sekondari ya kata huku bara, lakini kwenye basi mtu akiniuliza nasema nipo halmashauri. Ukisema mwalimu mtu anabadilika uso palepale, anaanza kukuonea huruma, "poleni sana jamani walimu", utadhani umemwambia umefiwa. Bodi ya mikopo wanakata asilimia 15 ya mshahara, hapo hujagusa mkopo wa benki, kwaiyo huyo anayekuhurumia hajakosea sana ila inauma kuhurumiwa na mtu usiyemjua.

Lakini niwaambie ukweli. Juzi kidato cha pili tulikuwa kwenye logarithimu, kuna binti anakaa dawati la mwisho karibu na dirisha lisilo na kioo, toka Januari hajawahi kunyoosha mkono. Akanyoosha. Akaja ubaoni akakokotoa akapata, akarudi kukaa anajifuta chaki kwenye sketi bila kumwangalia mtu. Nilitoka pale nikatembea mpaka nyumbani kilomita tatu sijahisi. Hiyo kazi siibadilishi na mtu, na bado kwenye basi nasema nipo halmashauri. Kwaiyo fundi swali lako ni langu pia.

#5 mjukuu_wa_manamba

Wanangu hili jambo lina mizizi mirefu, mnaongelea mizinga ya juzi.

Babu yangu aliletwa Korogwe kutoka Kigoma kukata mkonge. Hao ndio waliitwa manamba kwa sababu mtu aliandikwa namba, jina lake halikuwa na maana. Alikuwa na kipande, kadi ya siku 30, umekata mzigo wako wa siku wamekuandikia, hujamaliza hawakuandikii hata kama mgongo umevunjika. Kazi ni ile iliyoandikwa kwenye kipande. Jioni akilima mihogo yake nyuma ya kambi au akisuka mikeka hiyo haikuwa kazi, hayo ni mambo yake. Hata neno lenyewe kibarua angalieni, ni barua ndogo, kikaratasi, mtu aliitwa kwa jina la karatasi aliyopewa. Tukarithi hivyo, mpaka leo mtu asiye na karatasi ya mwajiri anajiona hana kazi.

Halafu baada ya uhuru likaja Azimio la Arusha, na sheria ya nguvukazi ya 1967 hiyo hiyo, mjini ukikamatwa huna kitambulisho cha kazi unapakiwa kwenye lori unarudishwa kijijini kulima. Fundi viatu, muuza kahawa, muuza karanga, wote waliitwa wazururaji. Baba yangu alikuwa anashona viatu Tanga mjini, akiona askari anafunika kiboksi chake anatembea kama mpita njia. Anaulizwa unafanya kazi gani anasema sina, naenda kwa ndugu. Huyo ndo alinilea mimi. Sasa unataka mimi nijibu vipi?

#6 jicho_pembeni

Mzee #5 asante kwa historia, nirekebishe mwaka tu. Azimio ni 1967 sawa, ila Sheria ya Nguvukazi ni 1983, mwaka ule ule wa vita ya wahujumu uchumi enzi za Waziri Mkuu Sokoine. Kabla ya hapo pia watu walikuwa wanarudishwa vijijini ndio, lakini sheria yenye jina hilo ni 83. Na kipande cha enzi za Mwingereza kilikuwa siku 30 za kazi ndani ya siku 42, ukiugua au ukienda msibani unahesabiwa humo humo.

Hapo kwenye kibarua umenifumbua macho, nilikuwa sijawahi kukaa nikafikiria.

#7 mjukuu_wa_manamba

1983 ni sahihi mwanangu, umenikumbusha. Tena baba alifunika kiboksi mimi nikiwa darasa la tatu, hesabu inakubali.

#8 geti_jeusi

Niaje majirani, mimi niko Nairobi, nachomelea mageti na madirisha. Naona mzee amesema vizuri lakini huku kwetu Mkoloni alikuwa huyo huyo, kipande kilikuwa hicho hicho, tena kule kwetu watu walikivaa shingoni kwa kikebe, na bado mtu akiuliza tunasema. Mimi ni fundi jua kali, nasema wazi. Jua kali sasa ni jina la heshima, kuna watu wamejenga majumba kwa kugonga mabati pale Kamukunji. Kwenye uchaguzi wa 2022 hata wanasiasa walikuwa wanagombania kuitwa hustler, yaani mtu wa kujitafutia, mama mboga akawa anatajwa kwa kila mkutano. Nafikiri ninyi Watanzania mmefundishwa unyenyekevu sana, mtu hataki kuonekana anajipandisha.

Lakini kitu kimoja kinaniuma hata mimi. Wasomi wanaita kazi yetu sekta isiyo rasmi. Hilo jina lilitolewa hapa Kenya 1972, Shirika la Kazi Duniani walikuja kufanya utafiti wakaandika hivyo. Fikiria kazi inaitwa kwa kile ambacho sio. Kama wangeniuliza mimi ningewaambia waandike sekta ya kuchomelea.

#9 jicho_pembeni

Kaka #8 karibu sana. Ile ripoti ya 1972 ilitangaza hilo jina dunia nzima ila haikulianzisha, aliyeanza nalo ni mtafiti Mwingereza Keith Hart, alikuwa amekaa na watu wa Nima, Accra, akaliwasilisha 1971. Kwaiyo limezaliwa Ghana likakulia kwenu.

#10 geti_jeusi

Sawa nimesimama kurekebishwa. Wewe #6 na #9 unafanya kazi gani, maana kila mtu anapimwa na wewe tu?

#11 jicho_pembeni

Nasahihisha maandishi kwenye kiwanda cha uchapaji. Mitihani ya majaribio, kadi za harusi, vitabu vya risiti, kila kinachopita mashineni napita nacho kwanza. Nikiulizwa nasema nipo kwenye uchapaji na wananiuliza kama naweza kuwapunguzia bei ya kadi 😂

#12 bi_bamvua

Assalam alaykum. Mie wa Unguja, upande wa kusini mashariki, mkulima wa mwani.

Nimesoma nyote na naona mnazungumzia watu wanaofanya kazi peke yao. Sisi mwani tunakwenda wanawake kumi na tano, ishirini, maji yakipwa sana siku za bamvua tunashuka pamoja, kila mtu na kamba zake na vigingi vyake, mnafunga mbegu mnazungumza, mnaimba, mtu akiumwa wenziwe wanamuangalilia shamba lake. Nani ataniuliza kazi gani? Kijiji kizima kinaniona nakwenda na kinaniona narudi na gunia kichwani linachuruzika. Hata mume wangu mwanzo alikuwa akisema hiyo ni michezo ya wanawake, lakini paa la bati la nyumba tunayolala limetoka kwenye hiyo michezo na skuli za watoto zimetoka humo humo, sasa akiulizwa na wageni yeye ndo anatangulia kusema "mke wangu analima mwani".

Msidhani ni rahisi. Nshachomwa na samaki taa mguuni mara mbili. Mgongo baada ya bamvua ya siku sita unakuwa kama si wako. Kilimo hichi kimeanza kwetu 1989, mama yangu alikuwa katika wa mwanzo, zamani wao wakipata mwani wa kotonii ambao bei yake nzuri, sasa maji yamekuwa moto, kotonii inageuka nyeupe inakatika inakwenda zake, tumebaki na mwani wa spinosumu ambao bei yake ndogo sana. Nikikaa usiku nikapiga hesabu naona kama namfanyia mnunuzi kazi bure. Lakini asubuhi maji yakitoka miguu yenyewe inakwenda. Naipenda, nasema wazi.

Kwaiyo fundi mie naona hujakosa heshima ya kazi, umekosa wenzio. Mafundi mngekuwa mnakaa kumi pamoja usingesema unahangaika, mwenzio angekuumbua pale pale.

#13 kiuno_cha_nyigu

Dada #12 ile sabuni ya mwani mnauza? Dada yangu alinunua Paje alipokwenda kutembea, mpaka leo anaitafuta.

#14 bi_bamvua

Ipo mpenzi, ila watengenezaji ni kikundi chengine, mie nalima tu. Nitumie ujumbe pembeni.

#15 cha_juu

Nataka kupinga hiyo ya wenzako. Mimi ni winga Kariakoo, tupo mamia mtaa mmoja, tunasimama bega kwa bega toka saa mbili asubuhi, na hakuna anayemwambia mama mkwe kwamba ni winga.

Kwa wasiojua, mteja anashuka kwenye gari kutoka mkoani hajui duka la mapazia liko wapi, mimi najua maduka yote, najua ghorofa ya tatu kuna mtu anauza kitu hicho hicho kwa bei ya chini kuliko wa chini, nampeleka, muuzaji ananitajia bei yake, naweka cha juu, hicho ndo changu. Siku nzuri naondoka na 40,000 na siku mbaya narudi na vumbi la viatu. Watu wanasikia winga wanajua tapeli. Kuna matapeli ndio siwezi kukataa, lakini mimi kuna mama wa Mpanda ananipigia simu mwaka wa nne, anatuma hela kabla hajaona mzigo, mimi ndo namchagulia vitenge, nafunga, napeleka basi la usiku, nampigia picha ya risiti ya mzigo. Hajawahi kuniona sura, na mimi sijawahi kumpotezea hata kitenge kimoja.

Nyumbani wanajua "nipo Kariakoo". Inatosha. Tatizo langu ni jina, kazi yenyewe sina ugomvi nayo. Kazi ikishapata jina baya mwenye kazi analikimbia.

#16 nguo_ya_ijumaa

Samahani fundi usichukie, lakini na nyie mafundi cherehani jina lenu mmeliharibu wenyewe. Nani hapa hajawahi kuambiwa njoo Ijumaa? Nimeolewa shemeji yangu kavaa gauni limefungwa pini kiunoni kwa sababu fundi alimaliza saa nne asubuhi siku ya ndoa. Labda moyoni unajua kuna wateja pale Singida ukitaja ufundi watakuuliza kitambaa chao.

#17 mguu_chini

😂😂 Hapo #16 kagusa. Mimi suruali yangu ya Idi niliipata Mfungo Tatu.

#18 fundi_kibangu

#16 sichukii, ni kweli. Lakini mniruhusu niwaeleze inavyokuwa.

Mteja anakuja na kitambaa Jumatatu anataka Ijumaa. Ukimwambia ukweli kwamba utapata wiki ijayo anachukua kitambaa anakwenda kwa jirani ambaye atamwambia Ijumaa, na huyo jirani naye anajua haitawezekana. Kwaiyo wote tunasema Ijumaa. Halafu Jumatano umeme unakatika, cherehani ya kukanyaga ipo lakini overloki inataka umeme na mteja akiona nguo haijapigwa overloki anasema umemtania. Halafu Alhamisi anakuja mtu mwenye msiba, sare ya kesho, utamkataa? Hapo ndo unapoanza kumwangalia mteja wa Ijumaa anakuja kwa mbali na wewe moyo unadunda.

Dogo ndo alikuwa amenitoa kwenye huo uongo. Aliandika daftari. Kila kitambaa kikija anaandika jina, siku, amelipa ngapi, anahesabu nguo ngapi zinawezekana kwa siku, zikijaa ananiambia fundi Ijumaa imejaa mwambie Jumanne. Wateja wengine waliondoka lakini waliobaki walikuwa wanapata nguo siku yao. Sikumwambia hata mara moja kwamba lile daftari limeniponya usingizi. Nimelikuta kwenye droo, ameandika mpaka tarehe ya siku aliyoondoka.

Bi bamvua asante kwa hilo la wenzangu, nimelifikiria sana.

#19 chanja_ya_tatu

Poleni na majukumu. Mwanza hapa, nipo kwenye dagaa, nanunua visiwani naanika nauza pale Kirumba mwaloni, wateja wangu wakubwa ni Wakongo.

Mimi naona wote mnatafuta mbali. Dagaa wanavuliwa wakati wa giza. Mwezi ukishakuwa mkubwa dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanalala. Sasa wewe ukinikuta kwenye mbalamwezi ukaniuliza nafanya kazi gani nikujibu nini? Nipo nipo tu. Ukinikuta kwenye giza saa kumi na moja alfajiri mitumbwi inaingia, nimesimama kwenye maji mpaka magotini nagombania ndoo, hutaniuliza kwa sababu sitakusikia. Mvua ikinyesha dagaa wako kwenye chanja hawajakauka unapoteza wote, wananuka, wanakwenda chakula cha kuku. Wiki moja mimi ni mfanyabiashara wiki ya pili sina nauli.

Kusema "mimi ni fulani" kunataka kazi iliyosimama. Ya kwetu inakuja na kuondoka. Ndo maana tunatumia neno la mwendo, nahangaika, natafuta, nasukuma. Mtu anayehangaika hajasimama. Sioni ubaya wowote kwenye hilo neno.

#20 gunia_la_mwisho

#19 unaongea kama mtu aliyelala nje na mzigo wake. Hapo kwenye mvua na mchele ni hivo hivo.

#21 stendi_ya_zamani

Mmesahau kodi. Miaka yangu yote ya genge mtu nisiyemjua akiniuliza "unafanya biashara gani" nilikuwa naangalia mkono wake kwanza kama kashika kitabu cha risiti. Desemba 2018 ndo vikaja vitambulisho vya wajasiriamali vya 20,000, kwa sisi wa mauzo yasiyofika milioni 4 kwa mwaka. Niliposhika kile kitambulisho, cha plastiki kidogo tu, nilikivaa shingoni mpaka nyumbani. Mke wangu akanicheka lakini mimi nilikuwa najisikia kwamba serikali imekubali kuwa nyanya zangu ni kazi. Kwa hiyo mzee wa manamba #5 nakuunga mkono, karatasi ina nguvu. Karatasi imenitesa na karatasi hiyo hiyo imenifurahisha.

#22 mjukuu_wa_manamba

Umenigusa mwanangu. Baba angekipata hicho angezikwa nacho.

#23 madirisha_kumi_na_nne

Nimejiandikisha leo ili nichangie tu hapa.

Mimi ni dada wa kazi Maskati, mkataba wa miaka miwili, hii ni mara ya pili nimerudi. Nyumba ina madirisha 14, nayajua kila moja lilivyo na vumbi lake. Nyumbani Tanga mama akiulizwa anasema "mwanangu yuko Uarabuni" na hapo swali linaishia, hakuna anayeuliza Uarabuni anafanya nini, kila mtu anajua na kila mtu ananyamaza. Wanasema Uarabuni kama vile Uarabuni ni kazi.

Mara ya kwanza nilipata nyumba mbaya, sitaki kuielezea. Hii ya sasa ni watu wazuri, kuna bibi mzee nimekabidhiwa yeye, hawezi kutembea, namwogesha, namsuka, Kiswahili anakijua kwa sababu alizaliwa Unguja, saa nyingine ananiimbia nyimbo za kwao akiwa mtoto. Nikimgeuza usiku ananiombea dua. Hiyo sehemu ya kazi naipenda wallahi naipenda. Madirisha siyapendi. Kwaiyo hata mimi mkiniuliza unaipenda kazi yako sijui niseme ndio kwa bibi au hapana kwa madirisha.

Nimejenga vyumba viwili kwa mama. Watu wanapita wanasema nyumba nzuri. Hawasemi nani kafuta vioo.

#24 bi_bamvua

Mdogo wangu #23 Mungu akuweke. Mwambie huyo bibi tunamsalimia kwao.

#25 ticha_wa_kata

Nimesoma #23 mara mbili. Sina la kuongeza, pole na kazi dada.

#26 mama_wawili_tu

Hapo hapo kwenye "pole na kazi" mwalimu ndo nilikuwa nataka kuja.

Mimi nipo nyumbani nalea, sijaajiriwa. Asubuhi nikifagia uwanja kila anayepita ananiambia pole na kazi. Kila mmoja! Mzee, mtoto wa shule, muuza maji. Wakati huo huo nikienda kliniki nesi ananiuliza kazi yako nini, nasema sina, anaandika "mama wa nyumbani". Kwenye cheti cha mtoto wangu wa kwanza kazi ya baba imeandikwa "mkulima" na mume wangu ni dereva wa daladala, yule karani hata hakuuliza, aliandika tu mkulima kama alivyowaandikia wote kwenye foleni.

Kwa hiyo Kiswahili kinajua kabisa kwamba ninachofanya ni kazi, kinanipa pole yake kila siku asubuhi. Ni pale ukiulizwa kazi GANI ndo inapotea. Swali lenyewe ndo baya nadhani, linanuka fomu. Yule mzee wa Singida angekwambia tu "pole na kazi" ungejibu "nishapoa mzee" na dogo angekuwa kwako mpaka leo.

#27 geti_jeusi

Hii ya #26 imenipiga. Huku kwetu tunasema "poleni na kazi" pia lakini sikuwa nimewahi kuisikia hivyo.

#28 futi_mia_na_themanini

Mchimbaji, Geita, upande wa Nyarugusu. Sisi kutaja ni mwiko kabisa. Ukiwa unaondoka nyumbani unasema naenda porini. Duara letu, yaani shimo la kuchimbia, liko futi 180, unashuka kwa kamba, matimba (magogo ya kushikilia kuta) yanalia usiku udongo ukihama, unajifunza kuyasikiliza, yakibadilisha sauti unatoka mbio bila kuuliza. Mkipata mawe mazuri mnanyamaza mpaka yafike karasha, mashine ya kusaga mawe, mkikosa mnanyamaza pia. Sasa mtu kama huyo mtaani utamtoa wapi neno la kusema?

Mwaka 2020 yule mzee Laizer wa Mererani alipouza tanzanite mbili kwa serikali kwa bilioni 7.7 akatangazwa nchi nzima, huku kambini watu walibishana usiku mzima. Wengine wakasema safi sana kachimba kafanikiwa kajulikana. Mimi niliogopa kwa niaba yake. Mpaka leo sijui kwa nini niliogopa. Mtu kapata halali yake mchana kweupe.

#29 mguu_chini

Nimerudi, nilisema nasubiri wakubwa.

Mimi nasema "nipo barabarani" kwa sababu pikipiki sio yangu. Ipo kwenye mkataba, kila siku napeleka 10,000 kwa tajiri, iwe mvua iwe naumwa, imebaki miezi mitano iwe yangu. Nimeshajiapia siku nikikabidhiwa kadi nitasema mimi ni dereva bodaboda, kwa sauti. Sasa hivi nikisema bodaboda naona kama nadanganya, kama nimevaa koti la mtu. Kwaiyo na mimi nina sababu yangu, umiliki.

Ila hiyo haimsaidii fundi kwa sababu vyerehani ni vyake.

#30 zamu_ya_usiku

Na haitusaidii sisi manesi pia, hakuna nesi anayemiliki wodi. Mimi naficha kwa sababu nyingine kabisa, ukijulikana mtaani kwamba ni nesi hulali, saa nane usiku mtu anagonga anataka umwangalie mtoto. Na mtoto nitamwangalia, siwezi kumwacha. Ndo maana naficha, kwa sababu najijua.

#31 nguo_ya_ijumaa

Fundi dogo umempata? Nimekaa na deni la maneno yangu ya #16.

#32 fundi_kibangu

Huna deni dada.

Nimempata kwa simu juzi usiku. Yuko Goba, saidia fundi kwenye ghorofa, anabeba zege, analala hapo hapo saiti kwenye kibanda cha simenti. Nikamuuliza unaendeleaje, akanijibu nipo nipo tu fundi, nahangaika. Nilikaa na simu sikioni muda mrefu bila kusema kitu na yeye hakukata.

Nikamwambia Ijumaa imejaa na sina wa kuniambia. Akauliza nguo ngapi. Nikamwambia 19. Akasema fundi hizo haziwezekani, rudisha sita. Halafu akasema anaitwa, akakata.

#33 mama_wawili_tu

Usimpigie tena. Mfuate.

#34 chanja_ya_tatu

Nenda asubuhi kabla zege halijaanza, likishaanza hatakusikia.

#35 fundi_kibangu

Naenda Jumapili, hawamwagi siku hiyo. Daftari nimeliweka kwenye begi. Zile sita nimerudisha nne, mbili wamekataa wanasema watasubiri.